Mwaka 1813 na soko la Rumonge

Mfanyabiashara anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kuchukua mawese na ndagala hupita Mugere, kilometa kama 10 kusini mwa jiji. Hapo pana jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wengi hulipita bila kugeuza shingo. Lakini habari ya jiwe hilo, na ya Kiswahili tunachopatania bei sokoni, inaturudisha hadi 1813.

Machi 19 mwaka huo David Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti. Oktoba, Napoleon alishindwa Leipzig, Ujerumani. Kwetu, vita vilivyoacha alama vilikuwa vya Shela, kisiwani Lamu, ambavyo wanahistoria wengi huviweka mwaka huohuo au karibu nao. Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate waliishambulia Lamu, wakashindwa vibaya. Kwa kuhofia kisasi, watu wa Lamu waliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman.

Mlango huo haukufungwa tena. Mwaka 1837 Said aliitwaa Mombasa, naye akafanya Unguja makao yake makuu. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kutoka Ujiji vyombo vikafuata mwambao kuja huku. Kiswahili kilikuja nayo. Rumaliza wa Ujiji alipotaka kuiingilia Burundi kwa nguvu, jeshi la Mwami Mwezi Gisabo lilimrudisha. Lugha ilibaki.

Livingstone alipinga biashara ya watumwa, ingawa alisafiri kwa njia zake na mara nyingine kwa msaada wa wafanyabiashara wake. Yeye na Stanley walipanda ziwa kutoka Ujiji kuuchunguza mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki.

Leo anayevuka kwenda Kigoma, Uvira au Kalemie hahitaji mkalimani. Faida hiyo ililipiwa na watu waliopelekwa pwani shingoni wakiwa na minyororo, na wapagazi waliobeba mizigo ya wengine. Ukipita Mugere, simama kidogo. Jiwe lina majina mawili tu. Hao wengine tunawakumbuka kwa kuhakikisha kwamba katika ziwa hili kinachouzwa ni mzigo, si mtu.