Safari za kifahari: Raha ya abiria, jasho la mhudumu

WATU wengi husafiri ili wafike. Anayekwenda Mombasa kwa mazishi, anayekimbilia Kisumu kikazi, hata anayekwenda ng'ambo kwa masomo, wote huuliza swali moja tu: tutafika saa ngapi? Lakini wako wasafiri wengine duniani ambao hulipa pesa nyingi mno ili wachelewe.

Ndege kutoka Venice, Italia, hadi Paris, Ufaransa, huchukua chini ya saa mbili. Hata hivyo, wapo wanaotoa maelfu ya pauni za Uingereza wafanye safari hiyo hiyo kwa garimoshi linalokesha njiani na kuingia Paris siku ya pili yake. Garimoshi hilo huitwa Venice Simplon-Orient-Express, na huenda hakuna jina linalotajwa zaidi katika safari za kifahari za reli.

Je, msomaji, hao matajiri hununua nini hasa?

Si mwendo wa kasi, hilo tumeliona. Wala si nafasi. Mabehewa yake yaliundwa miaka ya 1920 na 1930, na chumba cha kawaida ni kidogo. Mchana ni kochi na meza ndogo, usiku ni vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Vyumba vichache vyenye bafu viliongezwa kuanzia 2018, lakini katika vile vya zamani abiria hunawa kwenye sinki iliyomo chumbani, na choo ni cha pamoja, mwisho wa behewa. Aliyewahi kulala katika garimoshi letu la zamani la Mombasa hatashangaa sana.

Ni kweli kuna urembo. Kuta ni za mbao zilizonakshiwa kwa ustadi, na katika behewa moja la maakuli mna vioo vilivyochongwa na fundi maarufu wa Ufaransa, René Lalique. Chakula cha jioni huliwa watu wakiwa wamevaa suti na magauni marefu, na suruali za jinzi haziruhusiwi.

Hata hivyo, bidhaa yenyewe inayouzwa humo ni mtu. Kila behewa la kulala lina mhudumu wake. Abiria wanapokuwa mezani, yeye hugeuza kochi kuwa kitanda na kutandika shuka nyeupe. Kengele ikilia usiku, ni yeye anayeitika. Kukiwa na baridi, ni yeye anayetia makaa katika jiko la behewa ili wengine wasijue kwamba nje kuna theluji. Alfajiri huleta kahawa na mkate kwa sinia. Kwa ufupi, abiria hulala kwa sababu kuna mtu aliyekesha.

MWANZO WAKE

Mwanzilishi wa safari hizo barani Ulaya alikuwa Mbelgiji, Georges Nagelmackers. Garimoshi lake la Orient Express liling'oa nanga Paris mnamo Oktoba 4, 1883, likielekea Constantinople, mji ambao leo huitwa Istanbul. Wakati huo reli haikuwa imekamilika. Abiria walishuka Romania, wakavuka mto Danube kwa chombo, wakapanda garimoshi jingine hadi Varna, kisha meli ikawamalizia safari. Ni mwaka 1889 ndipo garimoshi lilipoweza kufika moja kwa moja.

Ndege zilipozidi kuwa nyingi, wateja walipungua, na safari ya moja kwa moja kati ya Paris na Istanbul ilikomeshwa mwaka 1977. Mwaka huo huo mfanyabiashara James Sherwood alinunua mabehewa mawili ya zamani kwenye mnada huko Monte Carlo. Alitafuta mengine, akayakarabati, na Mei 1982 akaanzisha garimoshi hili tunalolizungumzia. Kumbe kilichokufa kama usafiri kilifufuka kama starehe.

Lakini Nagelmackers hakubuni jambo hilo kutoka hewani. Alikuwa amezuru Marekani katika miaka ya 1860 na kuona mabehewa ya kulala ya George Pullman. Huko Marekani ndiko kuna kisa ambacho vijitabu vya utalii havikitaji.

WOTE WALIITWA 'GEORGE'

Pullman alipoanza biashara yake, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha na Wamarekani weusi walikuwa wametoka utumwani punde tu. Aliwaajiri wanaume hao kuwa wahudumu wa mabehewa yake. Alijua kwamba walikuwa na shida ya kazi na kwamba wangekubali mshahara mdogo. Alijua pia kwamba abiria Mzungu angefurahi kuhudumiwa kama bwana wa zamani.

Wahudumu hao walibeba mizigo, wakatandika vitanda, wakang'arisha viatu usiku abiria wakiwa wamelala. Rangi ya viatu walijinunulia wenyewe. Kazi yao ilifikia saa 400 kwa mwezi, na bila bakshishi ya abiria mshahara haukutosha kulisha nyumba. Juu ya hayo, abiria wengi hawakujisumbua kuuliza majina yao. Kila mmoja aliitwa 'George', kwa jina la tajiri wake, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Pullman alipofariki mwaka 1897, aliyeshika usukani wa kampuni alikuwa Robert Lincoln, mwana wa Rais Abraham Lincoln aliyetangaza uhuru wa watumwa. Wahudumu waliendelea kuitwa George.

Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wafanyakazi mjini New York. Walimchagua A. Philip Randolph awe kiongozi, mtu ambaye hakuwa mhudumu wa garimoshi. Hiyo ilikuwa hekima, kwa maana kampuni haikuweza kumfuta kazi mtu isiyemwajiri. Walihangaika miaka 12. Wengi walioshukiwa kuwa wanachama walifukuzwa. Hatimaye, mwaka 1937, kampuni ya Pullman ilitia sahihi mkataba uliopunguza saa za kazi na kuongeza mishahara.

Matunda yake yalienea mbali kuliko reli. E.D. Nixon, mhudumu wa Pullman katika mji wa Montgomery, alikuwa miongoni mwa waliopanga mgomo wa mabasi baada ya Rosa Parks kukamatwa mwaka 1955. Randolph mwenyewe alikuwa mmoja wa viongozi wa maandamano makubwa ya Washington ya 1963.

Na yuko mwingine anayetuhusu sisi Wakenya. Thurgood Marshall, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi ya kuwahudumia abiria garini, alisoma akawa wakili. Mwaka 1960 alikuja kuwasaidia wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House, London, akaandika rasimu ya haki za kimsingi za raia wa Kenya. Mwaka 1967 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake. Mtoto wa mbeba sinia!

HUKU KWETU AFRIKA

Bara letu nalo lina magarimoshi ya kifahari. Afrika Kusini ina Blue Train, lililotokana na magarimoshi ya mwaka 1923 yaliyowapeleka wasafiri Cape Town kukutana na meli za Uingereza. Baadhi ya vyumba vyake vina bafu la kujilaza ndani, maji yakitikisika huku nyika ikipita dirishani. Iko pia Rovos Rail, iliyoanzishwa mwaka 1989 na mfanyabiashara Rohan Vos. Kampuni hiyo haiweki runinga wala redio garini, na simu haziruhusiwi sebuleni. Mwaka 1993 ilianza kuwapeleka watalii kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam kwa takriban wiki mbili, ikipitia reli ya TAZARA. Reli hiyo ilijengwa na Wachina na Waafrika katika miaka ya 1970 ili shaba ya Zambia ifike baharini.

Hapa Kenya, reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walifariki. Miaka michache tu baadaye, mnamo 1909, aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipita juu ya reli hiyo akiwa ameketi mbele ya injini ili awatazame wanyama vizuri. Katika enzi za ukoloni, Mwafrika kwa kawaida alipanda daraja la tatu. Akionekana katika daraja la kwanza, mara nyingi alikuwa amebeba sinia.

Baada ya uhuru, garimoshi la usiku la Mombasa likawa letu. Kengele ya chakula ilipigwa, supu ikaletwa juu ya kitambaa cheupe, nawe ukirudi chumbani ulikuta kitanda kimetandikwa. Mwishowe lilichakaa na kuchelewa mno, na mwaka 2017 likaachia nafasi reli mpya ya Madaraka Express. Sasa tunafika mapema, na kengele ya chakula haipo.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Si dhambi mtu mwenye pesa zake kustarehe. Jasho hilo hilo ndilo linalosomesha watoto wengi huku kwetu. Katika familia nyingi za Pwani na za bara, hakosekani ndugu anayetandika vitanda hotelini Diani, anayepika kambini Maasai Mara au aliye melini ughaibuni.

Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha anasa, basi, kisiwe ulaini wa shuka peke yake. Aliyezitandika analala saa ngapi? Ana mkataba au anategemea bakshishi? Akiugua, nani anamtibu? Wewe uliye na kijana anayetafuta kazi ya aina hiyo, mwulize maswali hayo kabla hajatia sahihi. Na wewe unayekwenda kupumzika, hata kama ni usiku mmoja tu kwenye hoteli ya kawaida, anza na jambo lisilogharimu hata senti moja ambalo abiria wa Pullman hawakulifanya: mwulize mhudumu wako jina lake.