Miongozo ya kiharusi ifike hadi ufuoni

Mjomba wangu alianguka alfajiri akikunja nyavu zake katika kisiwa cha Mfangano. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono wa kulia haukuinuka, na maneno yalimtoka kama ya mlevi. Waliokuwa ufuoni waliafikiana kwamba amerogwa, na mganga akaitwa. Siku ya tatu ndipo tulipompakia katika boti hadi Mbita, kisha matatu ikatufikisha hospitalini, ambako mhudumu wa kwanza alituuliza kama mgonjwa alikuwa amelewa. Yu hai, lakini kasia hawezi kulishika tena.

Kila Oktoba 29, Siku ya Kiharusi Duniani, vyama vya madaktari hutoa taarifa, nami humkumbuka mjomba. Siwabezi wataalamu hawa. Ni utafiti wao uliothibitisha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni yafaa itolewe kabla ya saa nne na nusu kupita, na baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Miongozo hiyo ni ya haki. Lakini kwa mvuvi wa Mfangano, saa nne na nusu huenda zikaishia majini.

Ndiyo maana nasema kwamba kwetu Homa Bay kazi kubwa ni kuzuia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikuu cha kiharusi, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mwaka wa 2018 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kutibu maradhi ya moyo na mishipa. Ni kitabu kizuri, kwa Kiingereza. Sijapata kukiona mikononi mwa muuguzi wa zahanati yoyote ya visiwani.

Wako watakaodai kwamba elimu ya namna hii haiwezi kushika mizizi vijijini. Hao hawajui historia yetu. Ukimwi ulituua kwa maelfu, na leo hata muuza omena atakueleza maana ya kumeza vidonge bila kukosa, kwa sababu alifundishwa kwa Kijaluo, mlangoni pake. Tena utafiti wa SEARCH, ulioanza 2013 katika vijiji 32 vya Uganda na Kenya, vikiwemo vya Nyanza, ulipima virusi na shinikizo la damu katika kambi moja. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 47 ya wenye shinikizo katika vijiji vilivyohudumiwa hivyo walikuwa wamelidhibiti, dhidi ya 37 kwingineko.

Tangu 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya wa vijijini mikoba yenye mashine za kupima shinikizo. Chama cha Madaktari cha Kenya na vile vya wataalamu wa moyo na ubongo viwatafute watu hawa, viwaandikie ukurasa mmoja kwa Kijaluo na Kisuba, na baadhi ya warsha za hotelini zihamie Mbita.

Mimi nimeandika ukurasa wangu: uso, mkono, maneno, boti haraka. Mwenyekiti wa ufuo ameubandika kando ya mzani wa samaki. Aliniuliza madaktari wenyewe watakuja lini.