Riwaya kwa siku 30: ukubali au ukatae?

Julai 1999, Chris Baty na wenzake katika eneo la San Francisco, Marekani, waliwekeana sharti moja: kila mtu aandike riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Walikuwa watu 21. Mwaka uliofuata waliihamishia shughuli hiyo mwezi wa Novemba, kwa sababu hali ya hewa ya kwao wakati huo huwafanya watu wakae ndani. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa NaNoWriMo, changamoto ambayo baadaye ilivuta washiriki kwa mamia ya maelfu. Riwaya za Water for Elephants ya Sara Gruen na The Night Circus ya Erin Morgenstern zilianza kama rasimu za changamoto hiyo. Machi 2025 shirika lililoiendesha lilitangaza kufunga milango, lakini zoezi lenyewe halihitaji shirika. Kikundi chochote cha waandishi kinaweza kuchagua mwezi, kikaweka hesabu ya maneno na kuanza.

Basi mwaliko ukikufikia, uitikie? Tukiiacha kando shamrashamra yake, changamoto hii ina mambo manne: lengo lenye tarakimu, tarehe ya mwisho, kazi ya kila siku na uandishi wa haraka usiosubiri uhariri. Yote yamechunguzwa na wanasaikolojia kwa miongo kadhaa, na matokeo yao yanaweza kukusaidia kuamua.

Tuanze na hesabu. Maneno 50,000 kwa siku 30 ni maneno 1,667 kwa siku. Anayeandika maneno 600 kwa saa atahitaji karibu saa tatu kila siku, yaani saa 83 kwa mwezi. Wengi husikia hesabu hiyo na kusema, "Nitaziiba usiku." Mwaka 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu. Kwa wastani, wanafunzi hao walikadiria kumaliza kwa siku 34. Walitumia zaidi ya siku 55. Hata walipoambiwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika, makadirio yao yalikuwa mafupi kuliko muda waliotumia. Mipango si matumizi, na watafiti hao walieleza sababu: mtu anapokadiria huitazama picha ya kazi itakavyokwenda vizuri, akasahau kazi za nyuma zilivyokwenda. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuahidi chochote, andika kwa wiki moja ya kawaida, yenye foleni, wageni na umeme unaokatika, kisha hesabu ulichopata.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa Kiswahili hana budi kulipima. Kiwango cha maneno 50,000 kiliwekwa na watu wanaoandika Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja, kama vile "tutawasomea", hubeba mtenda, wakati, watendewa na tendo lenyewe, mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno kadhaa. Hadithi ileile huchukua maneno machache zaidi kwa Kiswahili, kwa hiyo anayetimiza maneno 50,000 ya Kiswahili ameandika hadithi ndefu kuliko mwenzake wa California. Si aibu kikundi chenu kikishusha kiwango.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Edwin Locke na Gary Latham, waliotafiti malengo kwa miaka mingi, walionyesha kwamba lengo bayana na gumu humsukuma mtu kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo", mradi amelikubali kwa dhati na ana uwezo wa kulifikia. Naye Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1983 alichapisha jaribio alilowafanyia wahadhiri. Kundi la kwanza liliambiwa lisiandike ila kwa dharura. La pili liliambiwa liandike likijisikia. La tatu lililazimishwa kuandika kwa ratiba, na asiyetimiza kiwango fedha yake ilipelekwa kwa taasisi anayoichukia. Kundi la tatu liliandika kurasa nyingi zaidi, jambo ambalo halishangazi. La kushangaza ni kwamba hilohilo ndilo lililopata mawazo mapya mengi zaidi. Anayesubiri mzuka ndipo aandike amegeuza mambo; mara nyingi mzuka humkuta mtu akiwa tayari anaandika.

Hata hivyo, waendesha changamoto hupenda kutoa ushauri mmoja unaohitaji tahadhari: andika tu, usifute, hadithi utaikuta njiani. Kuandika kunaunganisha kazi tatu: kupanga la kusema, kuligeuza kuwa sentensi na kulikagua. Zote hugombea nafasi ndogo ya kumbukumbu tunayoitumia kufikiri papo kwa papo. Kuahirisha ukaguzi, kwa hiyo, kunaonekana ni jambo la busara. Ronald Kellogg alilipima mwaka 1988 kwa kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika barua. Waliotengeneza muhtasari kabla ya kuanza waliandika barua bora zaidi. Lakini kuandika rasimu chafu kwanza, bila kujali lugha, hakukuzidi kuandika kwa uangalifu tangu mwanzo. Barua si riwaya, lakini somo linagusa riwaya pia: kilichowanyanyua waandishi hao ni mpango waliokuwa nao, na uharaka peke yake haukuwasaidia.

Fyodor Dostoevsky ndiye mfano unaotajwa sana na watetezi wa kasi. Mwaka 1866, akiwa amezama kwenye madeni, alifungwa na mkataba wa mchapishaji Stellovsky: asipowasilisha riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba, mchapishaji angepata haki ya kuchapisha kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ilipoanza hakuwa na ukurasa hata mmoja. Alimwajiri Anna Snitkina, msichana aliyejua hati mkato, akamsimulia riwaya ya The Gambler kwa siku 26, na ikawahi. Watetezi hao huacha sehemu moja ya kisa. Dostoevsky alikuwa ameieleza hadithi hiyo ya mcheza kamari katika barua yake ya mwaka 1863, na kamari yenyewe aliijua kwa kufilisiwa nayo. Siku 26 zilikuwa za kuiandika. Kuifikiria kulikuwa kumeanza miaka mitatu kabla.

Vipi kuhusu matumaini kwamba mwezi utakujengea mazoea? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ya kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66 tabia kuanza kujiendesha yenyewe, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno. Siku 30, kwa wengi, ni nusu ya safari. Lakini watafiti hao walibaini pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kwa hiyo ukipitwa na Jumanne moja, endelea Jumatano. Usilipe kwa kukesha hadi uichukie kazi.

Suala la mwezi nalo lina maana. Novemba huku kwetu si wakati wa kujifungia ndani. Ni wakati wa mitihani ya kidato cha nne Tanzania na Kenya, na walimu, ambao wengi wao ni waandishi, huwa hawana nafasi. Chagueni mwezi wenu. Kisha kila mmoja aandike mahali atakapoandikia na saa ngapi. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti wakati wa sikukuu ya Krismasi. Kati ya waliotaja mapema saa na mahali, zaidi ya theluthi mbili waliitimiza. Miongoni mwa wengine, ni karibu theluthi moja tu.

Uamuzi, basi, hautegemei ujasiri. Ikiwa una hadithi uliyoibeba muda mrefu, unawajua wahusika wake na una muhtasari hata wa ukurasa mmoja, jiunge. Tarehe ya mwisho itakufanyia kazi ambayo nia njema imeshindwa kuifanya. Ikiwa bado unatafuta la kusimulia, utumie mwezi huo kusoma, kudodosa watu na kupanga msuko, ukajiunge mwakani. Na ukimaliza, usikimbilie kwa mchapishaji. Ulichonacho ni rasimu, na Morgenstern aliiandika upya ya kwake kwa miaka kabla haijatoka mwaka 2011.