Mandari Nyuma ya Gari

WATU wa pwani wana neno lao la mandari. Ni kule kutoka mjini na masufuria, majamvi na watoto, watu wakaenda shambani au ufuoni, wakapika, wakala, wakazungumza mpaka jua likapunga, kisha wakarudi majumbani mwao. Marekani nako iko mandari ya namna hiyo, ila haifanywi chini ya miembe wala kando ya bahari. Hufanywa katika uwanja wa kuegeshea magari, nyuma ya gari, saa nyingi kabla ya mpira kuanza. Na iliyo na utu zaidi ni ile ya uwanja wa mbali, ambako magari huwekwa na wale wasio na uwezo wa kukaribia.

Wenyewe wameipa mandari hiyo jina la kile kilango cha nyuma cha pikapu, ambacho hushushwa kikalala mfano wa meza. Juu yake huandaliwa mikate, nyama na vinywaji, na kando yake huwashwa jiko la makaa.

Mpira wenyewe si kandanda tuijuayo. Umechongoka ncha mbili mfano wa yai, hushikwa kwa mikono, na kila upande huwa na wachezaji 11 waliovaa kofia ngumu na mabega ya kujikinga. Mchezo una vipindi vinne vya dakika 15, lakini kwa kusimama kwingi, huchukua zaidi ya saa tatu. Mechi ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 mjini New Brunswick, katika jimbo la New Jersey, na chuo cha Rutgers kikakishinda cha Princeton kwa 6 kwa 4. Siku hizi msimu huanza mwishoni mwa Agosti hadi mapema Desemba, na siku yake kuu ni Jumamosi.

Msomaji asidhani kwamba kwa kuwa wachezaji ni wanafunzi basi watazamaji ni wachache. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, uliofunguliwa mwaka 1927, una nafasi ya watu 107,601, ilhali wakazi wote wa mji huo ni yapata 120,000 tu. Umati wa namna hiyo haufiki kwa miguu. Hufika kwa magari, na magari yataka pa kuwekwa.

WA KARIBU NA WA MBALI

Hapo ndipo watu hutengana. Mahali palipo karibu na lango la uwanja aghalabu hutengewa wanaokichangia chuo fedha nyingi kwa ajili ya michezo. Kadiri mtu anavyotoa, ndivyo gari lake linavyosogea. Kwa miaka mingi sheria ya kodi ya Marekani ilimruhusu mwenye kutoa mchango ili apate haki ya kununua tikiti kupunguza asilimia 80 ya mchango huo katika hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi. Sheria iliyopitishwa Desemba 2017 iliifuta nafuu hiyo, lakini desturi ya kutoa ili ukaribie haikufutika.

Asiyekuwa na mchango mkubwa hupelekwa pembeni: katika makonde ya majani, katika viwanja vya shule, au katika ua wa mwenye nyumba anayekodisha majani yake kwa siku moja. Ann Arbor kuna wenyeji ambao Jumamosi ya mpira husimama barabarani na kibao cha bei, wakiyaita magari yaingie uani. Pengine kutoka huko hadi uwanjani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, au watu hupanda basi linalokwenda na kurudi.

Ungetazamia walio mbali wawe na huzuni. Kumbe sivyo. Kule karibu gari na gari hupangwa kwa namba na kwa saa, na mwenye nafasi huwa na haraka ya kuingia kuketi. Kule mbali hakuna aliyekuja kujionyesha, kwa sababu hakuna wa kumwona. Watu huja mapema na hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo huzungumza.

BIA YA KALE

Ikiwa mpira ni saa sita mchana, magari huanza kuingia saa moja asubuhi au kabla yake. Kwanza husimamishwa mlingoti mrefu wenye bendera ya chuo, ili jamaa wanaokuja nyuma waone kambi yao ilipo. Kisha hutandazwa turubali, vikafunguliwa viti vya kukunja, likashushwa sanduku la barafu, na makaa yakawashwa. Watoto hucheza mpira baina ya magari. Wakubwa hushindana kutupa vifuko katika tundu la ubao ulioinamishwa, mchezo ambao zamani vifuko vyake vilijazwa punje za mahindi.

Pwani lugha yetu ina neno bia kwa maana mbili. Ile ya chupa twaijua. Lakini bia ya kale ni ya ushirika: kula bia ni kula kwa kuchangiana, huyu aja na mchele, yule na samaki, wa tatu na kuni. Mandari ya magari husimama juu ya bia hiyo ya kale. Mmoja huleta nyama, mwingine mikate, mwingine kachumbari, na asiyejua kupika huleta barafu na makaa. Mgeni anayepita na kunusa harufu huitwa aje aonje, hata kama amevaa rangi za chuo pinzani. Atachekwa kwa shati lake, kisha atapewa sahani.

Wengi huweka gari mahali pale pale mwaka hata mwaka, na majirani zao ni wale wale. Wako wanaojuana kwa miaka mingi bila kujua majina ya koo zao wala mitaa wanayokaa. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe, na pengine urafiki wa namna hii haustahimili msiba mkubwa. Hata hivyo, katika nchi ambayo mtu aweza kuishi mtaa mmoja na mwenziwe kwa miaka bila kuamkiana, kuwa na jirani wa Jumamosi sita au saba kwa mwaka si jambo dogo.

Tena si wote wanaokuja hapo huingia uwanjani. Wako wanaofunga televisheni nyuma ya gari, wakawasha jenereta ndogo, wakautazama mchezo wakiwa kitini huku kelele za uwanja wenyewe zikiwafikia kwa mbali. Hawana tikiti, na wala hawaitafuti.

Ushahidi kwamba mandari ni kitu mbali na mpira ulionekana mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona. Vyuo vya kundi la Big Ten, ambalo Michigan ni mmoja wao, viliahirisha msimu mwezi wa Agosti, kisha vikaanza kucheza mwishoni mwa Oktoba viti vikiwa havina umma wa watazamaji. Mchezo ulionyeshwa katika televisheni kama kawaida. Aliyetaka mpira aliupata. Kilichokosekana ni moshi, viti vya kukunja na jirani wa Jumamosi.

ILIKOTOKA

Wako wanaoipeleka asili yake hadi tarehe 21 Julai 1861, siku ya mapigano ya Bull Run katika jimbo la Virginia, ambapo watu wa Washington walitoka na vikapu vya chakula kwenda kutazama vita, na jioni wakarudi wakikimbia pamoja na askari wao walioshindwa. Hiyo ilikuwa mandari ya vita. Mandari ya mpira ilipata nguvu Wamarekani walipojaa magari baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hasa yale marefu yenye mlango wa nyuma. Mwaka 1952 fundi mmoja wa karibu na Chicago, George Stephen, alitengeneza jiko la makaa la duara lenye kifuniko, ambalo upepo na mvua havilizimi. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima. Gari likapatikana, jiko likapatikana, na barabara ikapatikana.

Kila upande una namna yake. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, watu hukutana katika kichaka cha miti mikubwa cha ekari 10. Magari yaliruhusiwa kuingia humo mpaka mwaka 1991, mvua ilipoyageuza majani kuwa tope. Tangu hapo ni mahema tu. Knoxville, katika jimbo la Tennessee, mtangazaji wa redio George Mooney aliamua mwaka 1962 kuukwepa msongamano wa barabarani kwa kwenda mpirani kwa mashua. Wengine wakamfuata, na leo siku ya mpira mashua hufungwa ubavu kwa ubavu mtoni, watu wakipitisha sahani kutoka chombo hiki hadi kile. Louisiana, nchi ya bandari na kamba, hupikwa masufuria makubwa ya wali na mchuzi mzito, na harufu yake bila shaka ingemsimamisha mtu wa Mombasa.

BIA YA CHUPA

Lakini haifai kusifu upande mmoja tu. Bia ya pili nayo ipo, tena nyingi. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuyanyima fedha za barabara majimbo yatakayoruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe, na wengi wa wanafunzi wa vyuo hawajafikia umri huo. Hata hivyo, chupa huzunguka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza matokeo ya kuwapima pumzi watu wazima 362 waliokuwa wakitoka katika mechi za ligi za kulipwa, za besiboli na za mpira huu. Karibu 8 katika kila 100 walikuwa wamepita kiwango kinachokatazwa kuendesha gari, na waliotoka katika mandari ya magari walikuwa na uwezekano wa kulewa mara 14 kuliko wenzao. Ikumbukwe kwamba watu hawa walikuja kwa gari, na wengi watarudi kwa gari.

NA MWISLAMU JE?

Swali hili si la kubuni. Kilomita hamsini na ushei kutoka Ann Arbor uko mji wa Dearborn, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakazi wake wana asili ya nchi za Kiarabu na jirani zake. Huko iko shule ya Fordson, na vijana wake, walio wengi Waislamu, wanaupenda mpira huu kama mwingine yeyote. Mwaka 2010 mwezi wa Ramadhani uliangukia Agosti, wakati wa mazoezi makali. Mkufunzi wao, Fouad Zaban, aliyahamishia mazoezi usiku, kuanzia saa tano hadi karibu na alfajiri, ili vijana wafunge na wapate kunywa maji. Hawakuacha funga, wala hawakuacha mpira.

Mfano huo wafaa hata kwa mezani. Mwislamu akifika katika uwanja wa magari atakuta nguruwe juu ya wavu na pombe ndani ya barafu. Aweza kukaa mbali, na hakuna wa kumlaumu. Lakini anayekuja na jiko lake, makaa yake na nyama yake ya halali haji kama mgeni wa kukataa hiki na kile. Huja naye akiwa mwenyeji, mwenye cha kumpa jirani. Bia ya kale yataka hivyo: mkono mtupu haulambwi.

BEI YA JIRANI

Linalotia shaka zaidi sasa ni fedha. Tangu tarehe 1 Julai 2025, baada ya maafikiano yaliyopitishwa mahakamani, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Ni haki ya kijana aliyekuwa akivunjika mifupa huku wengine wakitajirika. Lakini mamilioni hayo lazima yatoke mahali, na chuo kinachotafuta mapato hakitaacha kutupia jicho kila konde ambalo gari laweza kusimama. Kwingineko kampuni tayari hukodisha hema, viti na chakula kilichopikwa, mteja akaja mikono mitupu, akala, akaondoka.

Huyo ameshiba, lakini hakula bia. Hakuna aliyemwazima makaa, wala yeye hakumpa mtu barafu. Uwanja wa mbali ukitozwa bei ya karibu, waliokuwa wakichangiana nyama watabaki majumbani, kila mmoja na televisheni yake. Mpira hautapungukiwa na kitu, kwani viti vitajaa. Watakaopungukiwa ni wale ambao sababu yao ya kutoka alfajiri na jiko garini haikuwa mpira.