Ameambukizwa Upya, au Hakupona?

Mtu akiugua, akatibiwa na kuambiwa amepona, kisha baada ya miezi ugonjwa uleule ukamrudia, majirani hawakosi la kusema. Mmoja atasema kaambukizwa upya. Mwingine atasema hakupona, virusi vilijificha mwilini. Nani mkweli? Kipimo cha kawaida hakiwezi kuamua. Chenyewe husema virusi vipo au havipo, basi.

Jibu limo katika jenomu, yaani maandishi ya urithi ya kirusi. Kirusi cha Ebola kina herufi kama 19,000, cha korona kama 30,000. Kirusi kinapozaliana hunakili maandishi hayo, na kama mwanafunzi anayenakili kitabu kwa haraka, hukosea herufi hapa na pale. Makosa hayo hurithiwa. Ukisoma virusi vya mara ya kwanza na vya mara ya pili, ukavilinganisha na vinavyoenea wakati huo, utaujua ukoo wa kila kimoja.

Mwaka 2020 huko Hong Kong, mwanamume wa miaka 33 aliugua korona mwezi Machi, akapona. Siku 142 baadaye, akirejea kutoka Ulaya, alipimwa uwanja wa ndege akakutwa na virusi, ingawa hakujisikia vibaya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walikuta tofauti ya herufi 24, na virusi vya pili vilikuwa ndugu wa vile vilivyokuwa vikienea Ulaya majira hayo. Huyo aliambukizwa upya.

Kivu Kaskazini, nchini Kongo, mambo yalikuwa kinyume. Mtu aliyekuwa amechanjwa aliugua Ebola mwaka 2019, akatibiwa, akapona. Miezi sita baadaye aliugua tena, akafariki. Jenomu ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa uleule wa kwanza, umeamka. Kutokana naye ulizuka mlolongo wa wagonjwa 91.

Tofauti hii si ya maabara tu. Kama mtu ameambukizwa upya, tunajiuliza kinga ya mwili hudumu muda gani, na ni nani aliyemwambukiza. Kama ugonjwa umeamka, hakuna haja ya kumtafuta mchawi mtaani. Kazi ni kuwafuatilia waliopona, kuwapima na kuwatibu mapema. Na kumfuatilia mtu si kumtenga. Aliyenusurika akiogopa kunyooshewa kidole, atajificha, na virusi vitajificha pamoja naye.

Lakini kuna sharti moja. Hakuna kulinganisha bila sampuli ya kwanza, au angalau jenomu yake iliyokwisha kusomwa. Hospitali ikishaitupa, swali la majirani hubaki bila jibu. Kwa hiyo friji ya maabara na umeme wa kuaminika ni kinga pia, sawa na sindano ya chanjo.