Kalasinga na Uradi Wake

Sisi wa pwani twamjua Kalasinga kwa kilemba na ufundi. Ibada yake waijuao ni wachache. Huko Kisumu, ilikofika reli mwaka 1901, Makalasinga wakiwa miongoni mwa mafundi wake, nilimwuliza mzee mmoja wa gereji mtaani Nyalenda: kipi bora, kusoma au kumkumbuka Mungu moyoni?

Alfajiri yeye husoma Japji ya Guru Nanak, yenye beti 38, jioni Rehras, kabla ya kulala Sohila. Kati ya hapo spana i mkononi, na jina Waheguru moyoni.

Akisoma mbio kuwahi wateja, alinijibu, huwa ulimi umesali, yeye hakusali. Lakini akiacha kisomo siku chache, hata jina lenyewe humpotea.

Basi kimoja hakisimami bila chenziye. Msomaji mwenye uradi wake hapa hahitaji mkalimani.