Muuguzi Hutazama Nini?

Umekwisha kwenda zahanati mara nyingi. Ulikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Ulipoitwa uliingia ndani. Muuguzi alikusalimu, akakuuliza mtoto ameanza kuugua lini. Kisha akafunua kifua cha mtoto, akashika saa, akanyamaza. Pengine ulijiuliza moyoni: Mbona nesi huyu hatoi dawa? Anangoja nini?

Hakuwa akingoja. Alikuwa kazini. Alikuwa anahesabu pumzi za mtoto. Kazi hiyo hata wewe unaweza kuifanya nyumbani, maana sasa unajua namba.

Sisi watu wa Milima ya Uluguru tuna haja kubwa ya kujua jambo hili. Mtu wa Morogoro mjini ana hospitali ya mkoa karibu. Mtu wa Kinole, Tegetero, Kolero au Mgeta akiambiwa aende hospitali kubwa, ana safari mbele yake. Wakati wa masika njia huteleza na mito hujaa. Mgonjwa aliyezidiwa hubebwa kwa machela. Mkichelewa kuamua asubuhi, mtatembea usiku. Kwa hiyo kujua dalili ni kujua saa ya kuondoka.

Kichomi

Tuanze na kichomi, ambacho waganga hukiita nimonia. Ugonjwa huu huua watoto wengi wadogo. Huku juu milimani kuna baridi, na tunapika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, mtoto akiwa mgongoni. Moshi ule unaumiza mapafu yake. Kichomi huanza kama mafua ya kawaida. Mtoto anakohoa, ana homa. Utajuaje kama ni mafua tu au ni kichomi?

Hesabu pumzi. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo. Tazama tumbo au kifua kikipanda na kushuka. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima. Kama huna saa, tumia simu ya mkononi; simu karibu zote zina saa.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ni haraka mno. Mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, ni mara 50 au zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka 5, ni mara 40 au zaidi. Ukipata hesabu hiyo, mpeleke zahanati leo hii. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, hali ni mbaya zaidi. Usingoje hata chakula kiive.

Wapo wanaosema kwamba mtoto anayekohoa sana ana kilimi kirefu, na lazima kikatwe. Kukata kilimi hakuponyi kifua. Kunamtoa damu, kunamtia kidonda kooni, na siku mbili zinapotea. Siku hizo mbili ndizo zinazoweza kumuua.

Homa na degedege

Malaria tunaijua. Mtu hutetemeka kwa baridi, kisha hupata joto kali, kichwa na viungo vinauma. Wengine hutapika. Lakini homa si lazima iwe malaria. Ndiyo sababu muuguzi hutoboa kidole kwanza na kupima tone la damu. Majibu hupatikana kwa muda mfupi. Kama ni malaria, utapewa dawa mseto, ambayo ilianza kutumika nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Meza dozi yote. Usimwekee jirani vidonge viwili vilivyobaki. Havitamponya yeye wala wewe.

Watu wa vijiji vya juu wasijidanganye kwamba kwa sababu ya baridi hawana malaria. Wanaposhuka bondeni kulima au kuuza mboga, wanaumwa na mbu kama watu wengine. Na mtu asiyezoea malaria huugua vibaya zaidi.

Sasa tuzungumzie degedege. Hapa pana ubishi mkubwa vijijini. Mtoto ana homa kali. Ghafla anakakamaa, macho yanageuka, mikono na miguu inarukaruka. Wazee husema huyu amepatwa na shetani. Husema pia kwamba akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo hufukizwa moshi na kupewa dawa za miti, na zahanati hupelekwa mwisho.

Neno hili la sindano limetoka wapi? Fikiri kidogo. Mtoto amekaa siku tatu nyumbani. Amefikishwa kwa muuguzi akiwa hajitambui. Amechomwa sindano, na saa ile ile amekufa. Watu wameona sindano, wameona kifo. Hawakuziona zile siku tatu. Lakini zile siku tatu ndizo zilizoua.

Malaria kali ni sababu mojawapo kubwa ya degedege. Mtoto akishikwa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mlegeze nguo. Kisha ondokeni. Mama asimngoje baba arudi shamba, wala asimngoje mjomba aje kutoa ruhusa. Mjomba atawakuta zahanati. Fanyeni vivyo hivyo kwa mtoto mgonjwa asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, au anayelala tu na haamki vizuri.

Dalili nyingine

Mtoto anayeharisha huuawa na kukauka maji. Macho huingia ndani, mdomo hukauka. Finya ngozi ya tumbo na uiachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua sana. Mpe maji ya pakiti ya ORS. Soma kwenye pakiti ujue ni kiasi gani cha maji safi cha kutia. Endelea kumnyonyesha. Zahanati watakupa pia vidonge vya zinki. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 waliposikiliza redio kwa vikundi na kuchimba vyoo. Vyoo vile vilihusu ugonjwa huu huu.

Mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi, anayekonda na kutoka jasho usiku, akapimwe kifua kikuu. Matibabu kwa kawaida ni miezi 6, na dawa hizo hazilipiwi.

Mama mjamzito akitokwa na damu, au akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, au akivimba uso na mikono, asiambiwe kwamba ni uzazi tu. Apelekwe mara moja.

Nani huwa muuguzi?

Umeona kwamba uuguzi si kuchoma sindano tu. Muuguzi hutazama, huuliza, hupima, huandika. Hukesha na mgonjwa wakati wengine wamelala. Wengi ni wakunga pia. Na si kazi ya wanawake peke yao, wapo wauguzi wanaume wengi.

Katika miaka ya 1970 msichana aliyemaliza darasa la saba aliweza kufundishwa kuhudumia mama na mtoto. Siku hizi lazima amalize kidato cha nne, na afaulu masomo manne, yakiwamo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Masomo ya stashahada huchukua miaka 3. Katika mkoa wetu vipo vyuo, kama vile Edgar Maranta kule Ifakara na chuo cha Berega wilayani Kilosa. Akimaliza hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kisha hupewa leseni. Mtu anayepita vijijini na mkoba wa sindano bila leseni si muuguzi, hata kama amevaa nguo nyeupe.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada. Chuo kina ada, na mzazi ajiandae mapema. Mdalasini na ndizi vinaweza kulipa, lakini si kwa msimu mmoja. Zamani mwali aliwekwa ndani muda mrefu. Akimwekwa hivyo leo, Kemia inampita. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama, na shamba ni la ukoo wa mama. Sioni kwa nini mtu aliyeaminiwa kubeba ukoo asiaminiwe kubeba daftari.

Zoezi

1. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika. Utafanya nini?
2. Mtoto wa miaka 3 anapumua mara 32 kwa dakika. Je, anapumua haraka mno?
3. Leo usiku mtoto wako akilala, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Andika namba hiyo katika daftari lako, pamoja na umri wake. Lete darasani.